Gati Lako Limekuja Kwangu Bila Hodi

Kwa Mzee Ndolo, Mwenye Ziwa,
Kwa mkono wa Kavumbi, mlinzi wako.

Shikamoo Mzee.

KUH: GATI LAKO LINALOELEA, AMBALO SASA LINAELEA KWANGU

Sasa hivi, kabla sijashika kalamu, mwanangu Kalama ametoka nje kuliamkia gati lako. Amesimama mbele yake akasema, "Chikamoo." Ana miaka mitatu, na nimemfunza kumwamkia kila mgeni. Gati likalia kwii kwenye mbao zake, kama linavyolia maji yakilitikisa, naye akarudi ndani ameridhika kabisa. "Mama, ameitika." Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba jambo hili si la kuchekwa, ndipo nikaamua nikuandikie.

Kavumbi ameniletea ujumbe wako. Unasema nimelizuia gati lako, na kwamba Jumamosi utaleta trekta kutoka Ramisi lilivute hadi kwako, kisha seng'enge ifungwe tena pande zote. Mzee, mimi sikulizuia. Sijalifunga hata kwa uzi. Mwenye kulalamika ni mimi, ila wewe umenitangulia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Limeingia bila hodi. Asubuhi ile baada ya mvua kubwa ya masika nilitoka kwenda kupalilia, nikalikuta limeangusha seng'enge yako pamoja na nguzo, limepanda ukingo, nusu majini, nusu kwenye mchicha wangu. Limekuja na viti vyake viwili vyeupe na mwavuli. Hata watalii wa hoteli za Diani hawaji na viti.

2. Nilimwita fundi wako Kisilu aje alione. Alivuta kamba, na nanga zote zikaja, yale matairi makuukuu yaliyojazwa zege. Zilikuwa zikining'inia chini ya gati kama sufuria za mtu anayehama. Kumbe kamba alizipima na kuzikata Januari, ziwa likiwa limepungua, maji kiunoni. Masika yalipolijaza ziwa, gati liliinuka, likainua na nanga zake, likaondoka nazo. Nikamwuliza, "Kwani kamba zilikuwa fupi?" Akanijibu, "Wee mama Kalama, kamba haina kosa. Maji ndiyo yamerefuka." Mimi niliishia darasa la nane, siwezi kubishana na fundi. Kwa hiyo nayashtaki maji. Ni yako, uyaonye.

3. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili nililiheshimu. Sikulikanyaga, na Kalama nilimkataza kulipanda. Siku ya tatu nikaliwekea jembe juu. Kavumbi alicheka hadi akakaa chini, lakini Mzee, gati lako ni la kazi kuliko yeye. Linanianikia mihogo. Linanifulia nguo. Ukisimama kwenye ncha yake unachota maji safi yasiyo na tope. Ubaya wake ni kwamba sasa linawafanyia kazi na wengine. Alianza jirani yangu Syovata, na ndoo moja tu. Syovata akamwambia shoga yangu Twaiba. Sasa asubuhi nzima ua wangu ni ndoo na vicheko: "Mbodze, mgeni wako hana uvivu, mtafutie mke!" Nimtafutie wapi, Mzee, mke mpana namna ile?

4. Mume wangu Ngala hukata miwa Ramisi na hurudi mwisho wa juma. Aliuona mwavuli tangu njiani. Alipofika hakusalimu. "Mbodze, nani amekujengea baraza?" Nikamwambia limekuja lenyewe. Mzee, mkeo akikwambia hivyo, utaamini? Ilibidi Kisilu aitwe aje athibitishe. Sasa Ngala ameamini, na balaa ndilo hilo, maana amekaa kwenye kile kiti cha upande wa kulia, na paa la jiko bado linavuja.

5. Kuku wangu ametaga chini ya kiti cha kushoto. Sijui yai ni la nani kisheria.

6. Hili ndilo zito. Kabla hujanunua shamba, ziwa lile lilikuwa bwawa tu na sote tulichota. Uliponunua ukaweka kibao: ZIWA LA MTU BINAFSI. MAJI HAYA NI MALI YA MWENYEWE. Tulisoma, tukatii. Basi maji yaliyoingia kwenye mchicha wangu nayo ni mali yako, na yamelala kwangu bila ruhusa. Umeshaniita mwizi wa gati, sitaki kuitwa na mwizi wa maji. Naomba uje uyachukue, yote. Ili kukurahisishia, kina mama tumeanza kuyaondoa kwa ndoo, asubuhi na jioni. Mengine tumekuhifadhia kwenye mitungi yetu. Mengine yamo ndani ya uji wa Kalama, na hayo kwa kweli sijui utayachukuaje. Malipo hatutaki.

Zamani, yaani kabla ya gati, nilikuwa nikienda kwenye pampu ya barabarani, Kalama mgongoni na mtungi kichwani. Mtungi ule huvuja, na maji humdondokea yeye. Halii. Alikuwa akifunga macho tu na kungoja tone lijalo. Silitaji hili kwa ubaya, nakueleza tu jinsi tulivyokuwa tukiishi vizuri kabla gati lako halijatusumbua.

Kwa hayo yote, naomba Jumamosi uje bila kukosa. Chukua gati, viti, mwavuli, nanga, maji, na yai kama ni lako. Na kama trekta haliwezi kuvuta vyote hivyo, basi heri livute shamba langu liingie ndani ya seng'enge, tukae sote upande mmoja, mimi niwe mgeni wako. Siku ya tatu utanipa jembe. Usisumbuke kununua, ninalo.

Nisalimie mama watoto, nisalimie wajukuu, na dereva wa trekta pia. Mwambie njia ya kwetu ina matope, avae viatu vya mvua.

Ni mimi jirani yako mwenye kukuombea heri,
Mbodze, mama Kalama

Nyongeza: Mzee, nilikuwa naikunja barua, mvua ikaanza tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Pale nilipoandika kwamba sijalifunga gati hata kwa uzi, pasome hivi: nimelifunga kwenye mkorosho kwa kamba ya mbuzi, na kamba haikufika, nikaungia leso zangu mbili. Lile trekta, kama halijaondoka Ramisi, lipe kazi nyingine. Mgeni akishapewa jembe si mgeni tena, ni wa nyumbani, na mtu wa nyumbani havutwi kwa mnyororo mbele ya mtoto. Kalama yuko hapa mlangoni, ananishika gauni na kulipungia mkono. Twaiba ananiita kutoka ukingoni, "Mbodze we, njoo! Mgeni wako anaaga!" Leso imeanza kufunguka, Mzee, nakimbia kumshika, na wewe tafadhali usilete trek...