Mkoba wa Nesi Hasna na Begi Langu la Tangi

Jumamosi, 3 Mei

Boti ya Mwamgongo imechelewa. Nimekaa ufukweni Kibirizi na pikipiki yangu tangu saa mbili asubuhi. Abiria wanne wamenijia, wote nimewaambia nina mtu. Mtu mwenyewe hajui kwamba ni mtu wangu. Anajua ni abiria.

Saa tano kasoro Hasna akashuka. Nesi wa zahanati ya kule Mwamgongo, kwao hapa Ujiji. Kila baada ya wiki mbili huja kulala kwa shangazi yake, Jumapili anarudi. Viatu mkononi, maji ya ziwa magotini, shingo imenyooka. Leodgar wa kijiwe chetu akawahi kuwasha pikipiki yake. Hasna akampita kama anavyopita nguzo ya umeme. Akaja kwangu. Akaniita Majidi. Majidi tupu! Watu wote huniita Abdulmajid, na wenye haraka huniita we boda.

Kisha yaleyale. Akapanda, akachukua mkoba wake mweusi, akauweka katikati yetu. Miezi mitano sasa, safari zote, ni mgongo wangu, mkoba, halafu Hasna. Na mkoba wenyewe mzito! Kwenye mteremko unanielemea, hilo naelewa. Lakini hata kwenye tambarare unanielemea. Sijui anabeba mawe ya Gombe.

Nimeshuka Ujiji na alama ya bizimu lake mgongoni. Sikuipangusa.

Jumapili, 4 Mei

Nimemrudisha Kibirizi. Njiani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba amepata uhamisho. Kibondo. Mwisho wa mwezi. Atakuja tarehe kumi na saba, halafu thelathini na moja kwa kuaga, basi.

Kibondo! Huko mtu anakwenda kwa basi. Hakuna boti, hakuna Kibirizi, hakuna mimi.

Nikamjibu hongera. Hongera! Ulimi huu nimeulisha miaka thelathini na moja, na leo umenifanyia hivi.

Boti ikaondoka. Nimesimama mpaka ikawa ndogo kama dagaa. Leodgar akaniuliza nimepoteza nini majini. Nikasema naangalia upepo. Akasema upepo uko upande mwingine.

Jioni nimefikiri hadi ugali ukapoa. Ulimi hauna kosa. Kosa ni la mkoba. Neno la moyo halipenyi ngozi, zipu mbili na bizimu. Ukitoka mkoba, neno litapita. Ila utakwenda wapi? Kwenye keria ya nyuma atakataa, anaogopa vibaka. Usukani, utaning'inia kama kuku. Jibu nimelipata nikiosha mikono: utakaa mbele, juu ya tangi, kwenye begi lake maalumu. Nimeshaliona kwa Wazungu wanaovuka kwenda Burundi. Wanakaa nyuma ya begi hilo kama mahakimu.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Mwanga kwa Thobias, muuza vipuri. Anayo mabegi ya tangi mawili. La kwanza la mikanda: unafunga mbele kwenye shingo ya pikipiki, unafunga nyuma chini ya kiti, haliendi popote. La pili la sumaku: unaliweka tu juu ya tangi, linanasa lenyewe, tap! Juu lina mfuko wa nailoni inayoonyesha, wa kuwekea ramani.

Thobias akanishauri la mikanda. Akasema sumaku inataka chuma kitupu, na pikipiki za huku hazina kitu kitupu. Akaniuliza tangi langu limewahi kupita kwa fundi bodi. Nikasema halijawahi. Uongo mdogo, hata hauna miguu. Akaniuliza pia urefu, maana begi refu hugusa usukani. Nikamwambia nataka refu. Heshima huonekana kwa mbali.

Nimechukua la sumaku. Sababu ya kwanza, Leodgar ana mfuko wa mikanda anaofungia mihogo yake. Sababu ya pili, sumaku huvuta.

Bei sitaiandika. Mama anajua ninapoficha daftari hili.

Jumatano, 7 Mei

Limeanguka.

Nilisahau kava. Tangi langu, kama la kila boda hapa, limevaa kava la ngozi ya plastiki, ndani sponji, pembeni mashada ya rangi tatu. Sumaku haikuona kitu. Begi lilikaa mpaka bonde la kwanza, likashuka kwa adabu, likabiringika hadi miguuni kwa mama muuza mawese.

Nimevua kava. Mwaka wa tatu sijaliona tangi langu uchi. Nikakumbuka kwa nini. Upande wa kushoto ni puti tupu ya fundi bodi, si chuma, tangu nilipogonga mchikichi uliokuwa umesimama vibaya mwaka juzi. Sumaku ya kulia inanasa, ya kushoto inateleza. Begi linalala upande mmoja kama mzee anayesikiliza redio.

Mwishowe nimelifunga kwa mpira wa tyubu, mara nne, fundo nyuma ya kiti. Linashika vizuri sana. Leodgar akapita, akanipa salamu yake ya Kiha, mwakeye, akalizunguka begi mara mbili. Akasema kumbe hii ndiyo sumaku, yeye alidhani ni mpira.

Asiyependa hawezi kuelewa vifaa.

Ijumaa, 9 Mei

Thobias alisema kweli kuhusu urefu. Nikikata kona ya kushoto, begi linaminya honi.

Kona yangu ya kushoto iko pembeni ya msikiti. Nimeikata taratibu, kwa kuwa nilikuwa nawahi swala na hotuba ilishaanza. Honi ikalia. Nikazidi kukata, ikazidi kulia. Nikasimama ili inyamaze, usukani umelala kushoto, ikakataa. Nimeivuta pikipiki kinyumenyume huku inalia hadi kwenye mfereji.

Nimeingia viatu mkononi, macho chini. Shingo zote ziligeuka. Khatibu akasema subira ni nusu ya imani. Nina hakika haikuwamo kwenye hotuba.

Dawa nimeipata: kona za kushoto naacha. Kutoka Kibirizi hadi Ujiji ukizunguka kwa kona za kulia tu, safari inakuwa ndefu karibu mara mbili. Hasara iko wapi?

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna boti ya maana leo. Hata hivyo nimeshuka Kibirizi. Nimepangusa kiti cha nyuma. Nimeangalia kaskazini, milima ya Gombe ilikuwa na ukungu mpaka kiunoni. Nyuma ya mlima wa mwisho kuna mtu anamchoma mtoto sindano na kumwambia usilie, imekwisha. Najua anavyosema. Aliniambia hivyohivyo nilipoungua na ekzosi, na mimi nikaacha kulia.

Nimembeba fundi cherehani hadi Katonga. Akauliza mbona naendesha nimeegemea nyuma. Nikasema ni mazoea. Ni kweli. Mgongo wangu unatafuta kitu, haukipati.

Ijumaa, 16 Mei

Kesho! Nimeosha pikipiki, nimeosha begi, nimeosha mpira wa tyubu.

Na neno nimeliandika, maana ulimi siuamini tena. Karatasi nimeitia kwenye ule mfuko wa nailoni juu ya begi. Nitakuwa nasoma huku naendesha, kama mtangazaji. Mwandiko wangu mzuri, uleule niliomwandikia namba yangu ya simu kwenye daftari lake siku ya kwanza. Nimeandika hivi: "H., tangu ulipopanda mara ya kwanza, barabara hii imekuwa fupi. Naomba usiende Kibondo kabla hujajua."

Kujua nini, nitamalizia kwa mdomo. Kidogo kibaki cha mdomo.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, nisije nikararua ukurasa.

Hasna alishuka. Nikafungua zipu ya begi kwa mbwembwe, nikamwomba mkoba. Akauliza kwa nini. Nikasema usalama. Akaushika kidogo, kama mtu anayeombwa mtoto wake, halafu akanipa. Nikaushangaa. Mwepesi! Kwa kupapasa, kanga moja, kalamu, kitambulisho. Hauna hata nusu kilo. Basi ule uzito mgongoni ni wa nini? Labda safari hii hakubeba mawe.

Nikakaa. Hasna akakaa. Katikati yetu hakuna kitu. Hakuna kitu! Nikavuta pumzi ya neno la kwanza.

Ndipo Bi Mwasiti, shangazi yake, akatokea sokoni na kikapu cha samaki wa migebuka. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu huku anapima kiti kwa macho. Akasema siku zote hupanda gari kwa sababu ya mkoba wa huyu binti, lakini leo, alhamdulillah, nafasi ipo. Akamwambia Hasna asogee. Akaingia katikati.

Mshikaki. Mimi, Bi Mwasiti, migebuka, Hasna. Bi Mwasiti si mkoba. Bi Mwasiti ni sanduku la harusi.

Na ana macho. Juu ya bega langu akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya serikali. Imekuwa fupi? Akauliza mbona barabara ni ileile, tena leo anaona nawazungusha. Akaendelea mpaka Kibondo. Bi Mwasiti akauliza H. ndiye nani, na aliyeandika ndiye nani.

Nikasema karatasi ni ya Leodgar.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu. Bi Mwasiti akacheka kutoka hapo mpaka Ujiji, na kila akicheka pikipiki inayumba, na mara mbili iliyumba kushoto, honi ikalia.

Nadhani wameamini.

Jumapili, 18 Mei

Leo nilikuwa naye peke yake. Bi Mwasiti alibaki mlangoni kwake, ameshika kiuno.

Nilikuwa nimeshauweka mkoba kwenye begi na kufunga zipu. Hasna akasema nimrudishie, ataushika mwenyewe. Nikasema hapana, Nesi, usijichoshe. Akasema hachoki. Nikasema kazi hiyo niachie mimi. Akasema mara ya tatu, polepole: Majidi, nipe mkoba wangu niuweke pale unapokaaga. Nikamwonyesha mpira wa tyubu, nikaeleza ilivyo shida kuufungua.

Bi Mwasiti akapiga paja. Akasema mwanamume gani huyu, Mungu wangu! Akasema, sauti ya mtaa mzima, kwamba mkoba kwa binti wa watu ni stara, pikipikini mtu ataegemeaje mgongo wa mwanamume mkavumkavu, bila kitu katikati, Ujiji nzima inatazama? Anaegemea mkoba wake! Hasna akamwambia shangazi basi. Akajifunika uso kwa ushungi.

Tukaondoka. Nimefuata kona za kulia. Hasna alikaa nyuma kabisa, mikono yote miwili ameshika keria. Kati yetu angekaa mbuzi. Mgongo wangu uliona baridi, na jua lilikuwa kali.

Karibu na Mwanga akauliza kama karatasi ya Leodgar bado ipo. Nikasema nimeitupa. Akasema aliyeiandika ana mwandiko mzuri, anaufahamu. Akasema nimwambie aisome mwenyewe, kwa mdomo wake, tarehe thelathini na moja, boti ikifika, asimsingizie mtu. Nikaahidi nitamfikishia Leodgar.

Kibirizi akachukua mkoba. Akaukumbatia kifuani na kuniangalia kwa muda. Akasema asante, dereva.

Dereva! Zamani nilikuwa Majidi tu. Nimepanda cheo. Lakini boti ilipoondoka sikuweza kuwasha pikipiki. Nimekaa pale, mkono juu ya tangi, mpaka Leodgar akaniletea chai. Ujumbe wake sijampa. Kwa nini nimsaidie?

Jumanne, 20 Mei

Siku mbili nimeyachekecha maneno ya Bi Mwasiti. Mama mkali, lakini ana akili. Nimeelewa kila kitu! Mkoba haukuwa mzigo. Hasna anataka kuegemea. Miezi mitano msichana wa watu anatafuta pa kuegemea, na mimi nimemnyang'anya hata mkoba. Nimejiona mnyama.

Asubuhi nimekwenda kwa Thobias. Anacho kiegemeo cha abiria, chuma safi, sponji nene, kinafungwa kwenye keria ya nyuma. Thobias akanitahadharisha kwamba kikiwekwa, abiria hulala kwa nyuma, anakaa mbali na dereva, mkono mzima hivi. Nikamwambia hicho hasa ndicho ninachotaka. Astarehe.

Begi la tangi linabaki mbele. Mkoba utakaa humo, asijisumbue kuushika.

Zimebaki siku kumi na moja. Nimekifunga jioni hii hii, nikamwomba Leodgar aniendeshee hadi Katonga na kurudi, mimi nimekaa nyuma, mahali pake. Raha ya ajabu! Nimeegemea, nimenyoosha miguu, ziwa lote kushoto kwangu. Mgongo wa dereva hata huugusi.