Fomu ya Baba Imerudi na Wino Mwekundu

Kwa Msajili,
Mahakama ya Madai,
Ghorofa ya Pili.

Ndugu Msajili,

YAH: KUAMBIWA "TAFUTA WAKILI"

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na makarani wako wote, hata yule wa dirisha namba tatu ambaye ndiye ninayemlalamikia. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Naandika kwa sababu nilipofika dirishani, karani aliniuliza nataka nini, nikamjibu "asante", nikaondoka. Kwa kalamu huwa najieleza vizuri zaidi.

Baba yangu ni fundi cherehani. Mwaka jana mwenye shule moja alimwagiza sare mia tatu za kijani. Baba akakopa vitambaa, akashona. Siku ya kuzipeleka, mwenye shule alikuwa ameshaoteshwa ndotoni kwamba bluu ndiyo inayoleta ufaulu. Tangu hapo tunaishi na sare mia tatu. Mapazia yetu yana mifuko. Mto wangu ni sketi nne. Wadai hawataki kijani, wanataka chao, kwa hiyo baba ameamua kuiomba mahakama imtangaze mufilisi. Kikao ni Jumatano ijayo.

Suala la wakili tulilijadili kifamilia. Mama alitaka awepo. Baba alikuna kichwa. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekata shauri: "Wakili wa nini jamani, na huyu mtoto anasoma mpaka maandishi ya pakiti ya chumvi?" Hapo nikawa wakili. Sikupinga, maana kupinga kunahitaji kusema.

Nilijaza fomu siku tatu. Baba, kwa mazoea ya kazi yake, aliibana kwa pini kwenye kadibodi ili isijikunje, na nathubutu kusema haijapata kuingia ofisini kwako fomu iliyonyooka vile. Ilirudi siku hiyo hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani amefuta methali. Fomu ilitaka tuorodheshe madeni yote, na kuficha ni kosa. Nikaandika wadai watatu: muuza vitambaa, chama cha kukopeshana na mwenye nyumba. Kisha, kwa kuwa ahadi ni deni, nikaongeza ahadi kumi na moja ambazo baba hajazitimiza, ikiwemo mlango wa bafu aliomwahidi mama, na gauni la shangazi ambalo kwa umri ni dada yangu mkubwa. Ya mwisho, namba kumi na nne, ni ahadi aliyonipa mimi kwamba nitamaliza shule. Karani akazipiga zote mstari mwekundu na kuandika: "Haya si madeni. Tafuta wakili." Wahenga walisema kwa karne nyingi bila wakili, na hakuna aliyewarudishia fomu.

2. Wakili tulimtafuta. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro. Alitutoza ada ili tumwulize kama tunamhitaji, jambo ambalo ni sawa na kumlipa paka akuambie kama maziwa yanafaa kunywewa. Alisema tunamhitaji sana. Gharama yake ni bei ya cherehani mbili. Baba ana moja. Kwa hiyo anayeweza kumlipa wakili hajafilisika, na aliyefilisika hawezi kumlipa. Nimeipitia hoja hii mara nne nikitafuta kosa liko wapi, nikaona kosa ni letu: tulitakiwa kufilisika mapema, tukiwa bado na pesa.

3. Dirisha lako namba nne lina mzee wa miwani anayejaza mafumbo ya gazeti kuanzia asubuhi. Hana foleni hata ya mtu mmoja. Kama mahakama inaweza kumlipa mtu kwa kujaza mafumbo, haiwezi kushindwa kumlipa mwingine wa kusoma methali.

4. Sehemu ya mali nilikuwa mkweli kupita kiasi. Cherehani, pasi na mkasi niliviandika vyote chini ya "mali za kuuzwa". Karani hakugusa hapo kwa wino wowote, jambo linaloonyesha kwamba nikiachwa bila kuingiliwa nafanya kazi nzuri. Dalali alishapita kuitazama cherehani, akaizungusha gurudumu kama mtu anayechagua tikiti maji. Tangu siku hiyo baba anaitia mafuta kila asubuhi.

5. Kwa hiyo naomba: methali irudishwe kazini, mawakili walipwe kama wadai wengine, wapange foleni nyuma ya mwenye nyumba wetu, kila wakili, kabla ya kuvaa joho, afilisike mara moja kwa kujaza fomu mwenyewe, na karani wa dirisha namba tatu avae sare ya kijani. Zipo za kutosha, ila zote ni za darasa la pili.

Baba, mama na shangazi wanakusalimu. Wasalimie makarani, mlinzi wa getini, na mzee wa mafumbo.

Wako katika kutafuta haki,
Binti wa Fundi,
wakili wa muda.

Tanbihi: Nimechomoa pini ili niambatanishe fomu, nikagundua kumbe ina upande wa pili. Hakuna aliyeusoma, maana ulikuwa umelala kwenye kadibodi. Unasema vyombo vya kazi vya mwombaji haviuzwi, isipokuwa akiviorodhesha mwenyewe viuzwe. Unasema wakili wa zamu, asiyelipwa na mwombaji, yuko dirisha namba nne. Tena unasema deni lolote lililoorodheshwa, mahakama ikilikubali, linafutwa, na mwenye kudai hatalidai tena. Tafadhali ipuuze barua hii yote, isipokuwa salamu. Kesho asubuhi baba atakuwa dirisha namba nne kwa yule mzee, na mimi nitasimama karibu nimeshika kadibodi. "Shikamoo" nitaweza. Na umwambie karani wa dirisha namba tatu asije akaufuta ule mstari wake mwekundu, hasa kwenye namba kumi na nne. Ile bado naidai.