Sare Nyekundu za Dobi

Jumatatu, 4 Agosti

Siku imeanza kwa matusi. Si ya mdomo, ya nguo. Dobi wa ng'ambo ya barabara, yule ninayemwita Bwana Meno kwa sababu hajui kufunga mdomo, leo kawavalisha wafanyakazi wake wote sare. Samawati. Jina la duka limedariziwa kifuani, kola zimesimama kama askari wa gwaride. Wamejipanga mlangoni kana kwamba wanampokea waziri. Bwana Meno akanipungia mkono. Nikajifanya naangalia mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Na sisi? Kimbaumbau, anayeendesha mashine zetu, kavaa jezi ya timu iliyoshuka daraja. Mama Pasi, mpiga pasi wetu, ana gauni la maua ambalo maua yake yalishanyauka. Aibu tupu.

Dada, mwenye duka, akaniita ofisini. (Mimi ni msimamizi. Naandika hivyo kwa kuwa watu husahau.) Kumbe Ijumaa matroni wa hospitali ya uzazi anakuja kutukagua. Akiridhika, mashuka ya wodi zote ni yetu. Asiporidhika yataenda kwa Bwana Meno, na dada anasema hapo hatakuwa na jinsi ila kufunga duka. Kwa hiyo na sisi tupate sare. Nimeagizwa niende kwa fundi cherehani wa kona, nichukue shati moja la mfano, tulifue kwanza tuone kama linachuja, ndipo tuagize mengine.

Tulifue kwanza! Mimi, niliyekulia ndani ya povu, nifundishwe nguo? Nikasema sawa, dada. Sawa ya mdomoni.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi wa kona ana maringo. Anasema kudarizi kunataka muda, na kila mfanyakazi aende akapimwe. Akapimwe! Tunafua au tunaoa? Nikamwacha na tepu yake shingoni.

Nimempata mchapaji nyuma ya soko. Huyo ndiye mtu. Ana fulana nyekundu tele, saizi moja, na anaziachia kwa bei ya kutupa. Saizi moja ndiyo hekima: mwembamba atakunja, mnene atabana pumzi. Na kwa bei hiyohiyo anachapa maneno mgongo mzima. Bwana Meno ana jina dogo kifuani kama la mtoto wa chekechea. Sisi tutakuwa tangazo linalotembea.

Kaulimbiu niliitunga papo hapo: TUNAFUA KWA UPENDO. Nikamtumia kwa simu huku navuka barabara. Mchapaji akanipigia, akaniomba nirudi nisome kwenye kompyuta kabla hajachapa. Nikamwambia shule nilishapita. Dada angesema haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana ana mvi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Fulana zilifika asubuhi. Dada alikuwa hospitali akishughulikia ujio wa kesho, kwa hiyo niliwagawia mwenyewe, kwa hotuba fupi. Kimbaumbau akavaa, ikawa bendera kwenye mlingoti siku isiyo na upepo. Ya Mama Pasi iligoma kifuani, ikakataa katakata kushuka. Haya, madogo. Kisha Kimbaumbau akageuka.

TUNAUA KWA UPENDO.

Herufi za kuonekana kutoka mbinguni. Nikawageuza wengine mmoja mmoja. Wote wanaua. Mama Pasi aliketi chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikimbia hadi kwa mchapaji. Akanionyesha ujumbe wangu mwenyewe. F haimo. Akasema alidhani ni kampuni ya kuua kunguni, na upendo ule alidhani ni wa kuwapenda wateja. Halafu, bila hata kunitazama: "Nilikuita uje usome, kaka." Mtu hana haya.

Niliporudi nikamkuta mfanyakazi wa Bwana Meno mlangoni petu. Katumwa, kwa adabu zote, kuuliza kama huduma yetu inafika hadi kwa panya.

Sikukata tamaa. Nilikata herufi F kutoka kwenye foronya kuukuu, nikazibandika kwa gundi. Kati ya A na U hapakuwa na nafasi, kwa hiyo F imekaa juu kidogo, kama ndege kwenye waya wa umeme. Ukisimama mbali na ukiwa na nia njema, inasomeka. Mama Pasi alipendekeza wavae tu nguo zao zilizo safi. Nikamwambia pasi yake inamngoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Matroni ni mwanamke mfupi, mkimya, miwani inaning'inia kifuani. Kaja na kikapu cha mashuka meupe ya kutujaribia. Nilikwisha kuwaagiza wote: mgeni mkabilini, asiwepo wa kugeuka. Basi Kimbaumbau akawa anatembea kinyumenyume kutoka mashine moja hadi nyingine, akapiga ndoo teke, akaomba radhi kwa ndoo. Dada alinitazama. Nikakohoa.

Nilisahau kwamba chumba cha pasi kina mvuke. Gundi na mvuke hawapatani. F ya Mama Pasi ikabanduka, ikapepea, ikatua juu ya kiatu cha matroni. Akaiokota. Akavaa miwani. Akazunguka nyuma ya Mama Pasi na kusoma polepole, neno kwa neno. Kisha akamgeukia dada, sauti ya chini kabisa.

"Haya ndiyo wakasome kina mama walio leba?"

Hata hapo ningeweza kueleza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Kimbaumbau akaingia, kinyumenyume, kisha akageuka na mashuka mabichi ya hospitali aliyoyakumbatia kifuani. Akayaweka mezani. Yalikuwa na umbo lake zima, kifua na mikono yote miwili, rangi ya waridi. Fulana inachuja. Inachuja kama inalipwa! Matroni aliyatazama, akaondoka bila kuaga.

Dada hakufoka. Aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu, akafunika uso kwa viganja. Duka hili alilianza na beseni moja, kwenye ua wa marehemu mama. Sikuweza kumtazama. Nikamwambia kosa ni la mchapaji.

Hapo ndipo alipofoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi yote dada na Mama Pasi walikuwa juu ya yale mashuka. Wameloweka, wamesugua, wamesuuza, wameloweka tena. Mimi nilikatazwa kukaribia. Mchana yakatoka meupe kuliko yalivyokuja. Dada akayapeleka mwenyewe.

Karudi macho mekundu, lakini anatabasamu. Matroni kayashika, kayaelekeza dirishani, kayanusa. Kakubali kutujaribu kwa wodi moja. Masharti mawili: fulana zile asizione tena maishani, na "yule bwana wa herufi" asiguse shuka hata moja.

Bwana wa herufi! Na hakuna aliyenishukuru. Bila doa langu, dada angemwonyeshaje matroni ufundi wa kutoa doa? Nilimweleza hivyo hivyo, kwa upole. Akanyoosha mkono, akataka ufunguo wa ofisi. Kuanzia Jumatatu niko mlangoni, kupokea na kubeba vikapu. Akasema, "Mdogo wangu, ungekuwa si wa tumbo moja na mimi, hata mlango usingeuona."

Damu inachemka.

Jumatatu, 18 Agosti

Fundi wa kona kamaliza kazi yake. Mashati ya kijani, kitambaa kizito. Dada alilifua la mfano mara kadhaa, halikutoa hata tone la rangi. Kimbaumbau sasa ana mabega. Sikujua kwamba alizaliwa nayo. Mama Pasi kajitazama kwenye mlango wa mashine mpaka nguo zikaisha kuzunguka. Wateja wanasifia. Matroni kaongeza wodi ya pili. Kila mtu anacheka. Nachukia.

Langu limedariziwa kifuani: MBEBA VIKAPU. Maneno ya dada. Bwana Meno aliyasoma kutoka ng'ambo ya barabara, akanipungia mikono yote miwili.

Sikubali. Mchana nimeteleza hadi nyuma ya soko, shati limekunjwa kwapani. Mchapaji atabandika kipande juu ya udarizi na kuchapa neno moja tu: MENEJA. Kanipunguzia bei, kwa kuwa sasa mimi ni mteja wake wa zamani. Aliniuliza kama nitakaa nisome kwanza. Nikamwambia nina kazi nyingi, neno nitamtumia kwa simu.

Nimemtumia nikiwa njiani, kikapu begani, kwa kidole gumba. Neno lenyewe fupi. Mtu atalikoseaje?