Safari ya Bure Kabla ya Kuajiriwa

Jumatano, 4 Juni

Nimeondoka! Jumatatu naanza kazi kampuni ya bima. Kazi ya kwanza maishani yenye kiti, meza na kadi ya kuning'iniza shingoni. Kabla hawajanifunga kamba, acha nitembee. Mama alishauri nipumzike nyumbani. Nikamjibu kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Akanifungia mayai ya kuchemsha. Mungu ampe maisha marefu.

Mpango: kufika mji wa ziwani bila nauli. Nimepata lori la magodoro. Dereva kakubali kunibeba, mradi nimsaidie kushusha mzigo. Nikachagua godoro nene kuliko yote. Usingizi wa kifalme! Nilipofumbua macho, ziwa tulikuwa tumeliacha nyuma zamani. Dereva anaapa aliniamsha, nami nikamwambia azime taa. Ilikuwa saa saba mchana.

Mji huu hauna ziwa. Una kiwanda cha matofali na vumbi lake. Nimeshusha magodoro mpaka mgongo ukaomba talaka. Lakini dereva mwenyewe kapiga simu nyumba ya wageni kunitafutia chumba ili nisihangaike. Mtu mwema. Watu wema hawajaisha duniani.

Alhamisi, 5 Juni

Jana nilimwambia mama mwenye nyumba ya wageni kwamba mimi ni mwandishi wa vitabu vya wasafiri, na kwamba nazunguka nikikagua malazi. Wazo lilinijia mlangoni. Mama ni mpole, ana sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema mwandishi hatozwi. Chumba cha kona, shuka zinanukia jua!

Leo kaniomba nikague kwa haki, nisimwonee haya. Mwandishi wa kweli, kasema, huona kila kitu. Basi nimeona. Nimeona bomba la bafuni linalovuja na kulikaza. Nimeona mlango unaokwaruza na kuupiga randa. Nimeona paa, nimepanda, nimezoa majani yaliyoziba mfereji wa mvua. Jioni sikuweza kuinua kikombe.

Kuna mgeni mwingine, mama mtu mzima mwenye kofia pana. Anasafiri peke yake kwa kigari chake. Namwita Mama Kofia, moyoni tu. Chai humiminiwa yeye kwanza. Kipande kikubwa cha mkate, chake. Kaniuliza vitabu vyangu vinauzwa wapi. Nikamwambia kwenye maduka mazuri. Akasema hata yeye huenda maduka mazuri. Simpendi.

Ijumaa, 6 Juni

Habari zimeenea. Mwenye mgahawa kaniita nikaonje. Wa jirani yake kasikia, naye kaniita. Na wa ng'ambo ya barabara. Ningemkataa nani? Kukataa chakula cha mtu ni dharau. Nimeonja kwa heshima kubwa, sahani baada ya sahani.

Saa kumi tumbo likaanza kuhesabu makosa yangu. Nilirudi nimeinama kama herufi C.

Aliyenipokea mlangoni ni Mama Kofia. Kumbe ni daktari wa mifugo, kastaafu juzi juzi. Kanikorogea maji yenye chumvi na sukari, kanishikia ndoo, kanifuta uso. Alisema ndama akishiba huacha. Akakaa kando ya kitanda akisimulia ili nisisikie maumivu. Safari hii waliipanga na mumewe kwa miaka. Mume akatangulia mbele ya haki. Yeye kaamua kuja hivyo hivyo, na kila mahali huagiza chai ya watu wawili.

Nimegeukia ukutani. Lilikuwa tumbo tu.

Jumamosi, 7 Juni

Afadhali. Nimekunywa uji. Mama mwenye nyumba kaja na bakuli la pili, kaketi. Nikaona nimwahidi sura nzima kitabuni.

"Mwanangu," akasema, "dereva wa magodoro ni mdogo wangu. Aliniambia analeta kijana anayekwenda kuanza kazi ya bima, anapenda usingizi lakini mikono anayo."

Nikauliza kwa nini basi alinipa chumba cha kona.

"Mfereji ulikuwa umeziba tangu mvua za mwaka jana. Kula uji, utapoa."

Nimechekwa, nimelishwa, nimeuguzwa. Sijui nianze kushukuru wapi. Nimemuamkia upya, shikamoo ya kweli safari hii. Kaitikia kama vile hakukuwa na ya uongo.

Jumapili, 8 Juni

Basi la leo limejaa. Kesho kazi! Mama Kofia kasema atanifikisha nyumbani, ni njia yake. Si njia yake. Nimeangalia ramani.

Ili kulipa fadhila nikamwelekeza njia ya mkato. Tukazama kwenye tope hadi milangoni. Vijana waliokuwa wakicheza mpira wakaacha mechi ikiwa sare, wakatusukuma, wakarudi uwanjani wakiwa rangi moja timu zote mbili. Mama Kofia alicheka mpaka kofia ikadondoka. Kasema hajacheka hivyo tangu msiba. Njia ya mkato ilikuwa na faida yake, basi!

Tumefika jua likizama. Mama yangu kamkaribisha ndani, na bila kuambiwa kamwekea vikombe viwili. Alidhani nami nitakunywa. Sikukigusa.

Jumatatu, 9 Juni

Kazini! Kiti kinazunguka. Kadi ipo shingoni, picha nimefumba macho. Mkuu wa kitengo ni mtu wa watu, kanitembeza meza hadi meza, wote wamenipokea kama ndugu. Nimebarikiwa, sina neno lingine.

Wameletewa programu mpya ya kompyuta, hakuna anayeielewa. Mkuu kaniuliza kama naifahamu. Nimemwambia nimeshawafundisha wengi.

Kesho saa tatu nafundisha kitengo kizima. Sijui hata inafunguliwa wapi. Lakini nimeona mwenzangu wa meza ya pili ni mkarimu, na wazo limeshanijia.