Idara ya Faraja na Upepo wa Tbilisi

Wizara ya Utulivu ilifurahi kuwatangazia wakazi wa Tbilisi kwamba kuanzia Jumatatu, kila askari na kila familia iliyoguswa na vurugu za Novemba itafarijiwa bure, kwa foleni, saa tatu hadi saa saba. Chini ya tangazo palikuwa na nyongeza ndogo: vurugu zenyewe hazikutokea.

Bwana Nugzar, mkuu wa Idara mpya ya Faraja, hakuona tatizo hapo. Miaka thelathini serikalini ilimfundisha kuwa tatizo ni la anayeuliza.

Wa kwanza kuingia alikuwa Jumber, askari wa kutuliza ghasia, pande la mtu.

"Silali, bosi. Nikifumba macho namwona yule kijana. Risasi yangu ya mpira ilimpata jichoni."

"Wapi?"

"Kwenye maandamano."

"Hayakuwepo," Nugzar alisema kwa upole wa kitaalamu. "Siku ile kulikuwa na upepo?"

"Upepo?"

"Basi ndio huo. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo. Aingie mwingine."

Akaandika "upepo" na kupiga mhuri.

Aliyefuata alikuwa Lamara, mwoka mikate, mama wa kijana mwenyewe. Hospitali haikutaka kumpasua Irakli bila karatasi ya serikali inayotaja kilichompiga, na daktari alisema jicho halivuki Jumamosi.

"Upepo," Nugzar alisema huku akiandika.

"Upepo gani, baba, unaoacha mpira ndani ya jicho?"

"Mkali, mama."

Hospitali iliirudisha karatasi. Hawakuwa na upasuaji wa upepo.

Ijumaa ikawa karamu ya uzinduzi. Naibu Waziri, Mheshimiwa Tengiz, alitaka picha za askari na familia wakila khinkali, vinyunya vya nyama, pamoja, kwa hiyo Nugzar aliita televisheni. Ilibaki kumpata tamada, mkuu wa meza. Kanuni za itifaki zilisema waliovaa sare watangulie, naye akamteua Jumber. Alifikiria vyeo tu, akasahau kinachojulikana na kila mtoto wa Tbilisi: mezani anatawala tamada. Bila ruhusa yake hakuna anayesema wala kuondoka, na anayekupokeza pembe ya mvinyo unamjibu, kisha unaimaliza, maana pembe haisimami mezani.

Jumber aliinuka.

"Tunywe kwa ajili ya jicho la Irakli. Aliyelipiga ni mimi. Mama Lamara, unisamehe au usinisamehe, nimesema."

Lamara alikuwa analia. "Nimekusikia," alisema. "Endelea."

Jumber alijaza pembe, akamkabidhi Naibu Waziri. "Mheshimiwa, nakupokeza. Tuambie nani alitoa amri."

Naibu Waziri alitazama pembe, akatazama kamera. Mwaka mzima alikuwa akihubiri kwenye televisheni kuhusu mila za mababu.

"Kulikuwa na upepo," alisema, akanywa yote.

Jumber aliijaza tena. "Bado hujajibu."

Akanywa ya pili. Akaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, akanyimwa. Pembe ya tatu ilipoisha, Mheshimiwa alianza kulia kwa kwikwi. "Ni mimi. Niliwapigia simu nikiwa kwa kinyozi."

Nugzar hakuwahi kuacha kauli ya kiongozi ipotee hivihivi. Tayari alikuwa ameandika kwenye karatasi ya Irakli iliyorudishwa: "Chanzo, risasi ya mpira, kwa amri ya Naibu Waziri." Akapiga mhuri kwa mazoea. Lamara aliichomoa karatasi chini ya kiganja cha Nugzar, wino haujakauka, akatoka mbio. Jioni ileile Irakli aliingizwa chumba cha upasuaji, na jicho likapona.

Jumatatu, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Tengiz, aliyefukuzwa kazi Jumapili.

"Silali, Nugzar."

"Chanzo?"

"Andika upepo, ndugu yangu."

Nugzar alimgeuzia daftari ajionee. "Upepo haukubaliki tena, mheshimiwa. Uliufuta mwenyewe, mbele ya kamera. Vuta pumzi kwa pua."

"Halafu utoe kwa mdomo," alisema Jumber nyuma yake kwenye foleni, kwapani ana mkate wa Lamara, ungali moto.