Sauti Yangu Ndani ya Roboti

Jumatatu, 3 Februari
Shule yetu hapa Othaya imeletewa roboti ya kufundisha watoto wenye usonji. Wendy, binti wa dada yangu Gacheri, yuko katika darasa lao. Roboti yenyewe inaongea Kiswahili cha puani, kama mtalii aliyepotea. Watoto wanaikimbia. Mwalimu Kagwiria anatafuta sauti ya mtu wa huku. Na atampata nani zaidi yangu, MC wa kila harusi na ruracio, zile sherehe za mahari, kutoka hapa hadi Kiganjo?

Gacheri anasema ati mimi nikifungua mdomo Wendy huziba masikio. Wivu. Lakini alisema pia kwamba mtoto hajawahi kumwitikia mtu salamu, hata mama yake. Hiyo iliniuma. Nataka sauti ya kwanza atakayoijibu iwe yangu.

Jumanne, 4 Februari
Kumbe kuna mpinzani. Theuri, yule msomaji wa historia ya marehemu matangani. Sauti yake hulaza hata wafiwa. Nikamwambia mwalimu, kwa heshima, kwamba hawa watoto bado wako hai. Akanijibu nirekodi maneno machache, kwa upole, bila kupanda wala kushuka. Yaani ananifundisha kazi!

Alhamisi, 6 Februari
Nimerekodi. Salamu ya nguvu, na ombi la makofi. Asiyeitikia anaambiwa, "Sijasikia!" na salamu inarudiwa kwa nguvu zaidi, kama sherehe yoyote ya watu wenye adabu. Nilimwomba fundi wa roboti aipange isikome mpaka ijibiwe.

Ijumaa, 7 Februari
Haikukoma. Ilimsalimia Wendy, Wendy akanyamaza, ikasema haijasikia. Ikapaza. Akanyamaza. Ikapaza tena. Watoto wote chini ya meza, mwalimu anatafuta pa kuizimia, roboti inadai makofi. Wendy alitetemeka mpaka mama yake akaja. Niliona vibaya sana, nasema ukweli. Nikampelekea mandazi, hakuyagusa. Fundi yule hajui kazi.

Jumatano, 12 Februari
Wameweka sauti ya Theuri. "Habari, Wendy. Niko hapa." Basi. Kisha inangoja, haidai chochote. Wendy akaisogelea, akaishika kidevu, akasema, "Niko hapa."

Gacheri alilia. Nililia pia, na sijali nani aliniona.

Lakini tuwe wakweli: ni mimi niliyeandaa njia. Baada yangu, mtoto angependa sauti yoyote. Mwalimu anawaandalia wazazi chai ya utulivu, bila kelele, Jumamosi. Nikajitolea kuiongoza, akasema hapana, asante. Anaona haya kunisumbua. Nimeshakodi spika nne na jenereta.