Safari ya Theluji ya Mzee Bwanali

Leonel alipomkuta Mzee Bwanali amesimama mbele ya duka la televisheni mjini Mtwara, mdomo wazi, akiitazama theluji ikidondoka juu ya mapaa ya watu asiowajua, alitambua mara moja kwamba riziki yake ya mwaka mzima imekuja na kanzu yake.

Inafaa Leonel aelezwe kwanza, kwa kuwa akijieleza mwenyewe haaminiki. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne. Bibi yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Mtoto alirithiwa na ukoo, lakini jembe halikumpata mrithi. Mjukuu alipanga chumba kimoja Magomeni, mtaa wa hapohapo Mtwara, na katika chumba hicho aliwahi kufungua shule ya udereva isiyokuwa na gari, chama cha ufugaji kisichokuwa na kuku, na wakala wa kuwatafutia wajane waume kwa njia ya posta. Alikuwa na pikipiki, tai mbili, muhuri mmoja wa mpira, na sauti laini kama tui la kwanza.

"Ile ni pamba?" aliuliza mzee, bila kujua anamuuliza nani.

"Theluji, baba. Uturuki hiyo, majira ya baridi yakianza."

"Inauma?"

"Haiumi. Inakugusa tu, kisha inaomba radhi na kuyeyuka."

Mzee alishusha pumzi. Alikuwa mkulima wa Msimbati, mwenye mikorosho mia mbili na jina lisilo doa, na katika miaka yake sitini na mitano baridi kali kuliko zote aliyoipata ilikuwa ya soda. "Na huanza mwezi gani, hayo majira?"

"Mwishoni mwa Novemba," alijibu Leonel, na hapo hapo akili yake ikasimama wima. Mwishoni mwa Novemba, Msimbati nzima huwa imeinama chini ya mikorosho ikiokota. Mtu aliyeko Uturuki akishangaa theluji hawezi, kwa wakati huohuo, kuinama chini ya mikorosho yake. Lazima ainame mwingine.

Mpango ulikamilika kabla theluji ya televisheni haijakatizwa na tangazo la sabuni. Mzee angesafirishwa. Leonel angeachiwa shamba. Korosho zingeuzwa kwa wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo wasiopenda maghala wala stakabadhi. Na mzee akirudi na picha zake, Leonel angekuwa mbali, akiwa na fedha ya kutosha kutomwita tena mtu yeyote baba.

Kwa siku tatu alikaa kwenye kompyuta za kukodi akiandaa ratiba. Hapa hana budi kupewa haki yake: uongo wa Leonel ulikuwa kazi ya fundi. Treni alizoziandika zilikuwepo. Nyumba za wageni zilikuwa hatua chache kutoka misikitini. Aliandika aina ya soksi, namna ya kutembea penye barafu, na ukurasa mzima juu ya supu. Alipoupeleka mzigo huo Msimbati, ulikuwa na kurasa kumi na nne, na kila ukurasa umepigwa muhuri.

"Hii inaitwa safari ya kujiongoza," alieleza kwa upole. "Hakuna kundi. Hakuna mtu wa kukupulizia filimbi upande basi. Mnajiongoza wenyewe, kama watu wazima."

Bi Fatuma, mke wa mzee, alivaa miwani yake. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, na hakuwahi kusoma karatasi yoyote bila kutafuta kosa.

"Kwa hiyo tukulipe ili tusiwe na wa kutuongoza?"

"Sitaki malipo, mama. Nafanya kwa heshima."

Bi Fatuma alimtazama juu ya miwani kwa muda, kisha akarudi kwenye karatasi. "Hapa umeandika treni ya Erzurum, saa tatu. Saa tatu zetu au zao?"

"Zao, mama."

"Andika zetu. Mume wangu atafika kituoni asubuhi, aingoje treni ya alasiri katika baridi."

Leonel alizibadilisha saa zote, kurasa kumi na nne, akijisikia kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani.

"Shida yangu ni korosho," alisema Mzee Bwanali.

Leonel aliinamisha kichwa, kama mtu anayepigana na moyo wake. "Ningesaidia, baba. Lakini shamba la mtu ni kitu kizito. Mtafute mwingine."

"Nani mwingine?"

"Yeyote. Mimi sistahili."

Mzee alimbembeleza mpaka chai ikapoa. Leonel alikubali kwa huzuni kubwa, akatoa mfukoni hati ya usimamizi iliyokwisha kuchapwa: yeye Leonel ataokota, ataanika, atafunga magunia na kuyatoa shambani kwa namna atakayoona inafaa.

"Nitaisaini siku ya kuaga," alisema mzee.

Bi Fatuma alikwenda Dar es Salaam na pasi za kusafiria, akarudi baada ya wiki mbili na viza zote mbili. Leonel alishangaa, maana alikuwa ametarajia wakwamie uwanja wa ndege; lakini kadiri walivyokwenda mbali ndivyo ilivyomfaa.

"Sasa limebaki moja," alisema Bi Fatuma. "Nyumba hii haisafiri bila radhi. Msafiri hukaa mbele ya watu, na mwenye kumdai chochote, hata neno baya, hulitaja. Hurudishiwa, au husamehe. Na anayeachiwa amana hukaa pembeni ya msafiri, naye asafishwe."

"Bila shaka, mama," alisema Leonel. Alikwisha kuhudhuria shughuli kama hizo. Watu huitikia tumesameheana, hula pilau, huondoka. Hakujua kwamba katika safari yake ya Dar, Bi Fatuma alikuwa ameanza kwa kushuka Magomeni. Huko alimuuliza mtu mmoja tu kuhusu Leonel. Huyo alimtajia wawili, na wale wawili walimtajia mtaa.

Siku ya Alhamisi, mkeka ulitandikwa uani Msimbati. Sheikh Ramadhani, mzee mpole mwenye ndevu chache, aliketi katikati. Mzee Bwanali alianza. Mtu mmoja alikumbuka panga lililoazimwa na kurudishwa butu. Mzee aliomba radhi, akapewa, akafuta jasho kama aliyenusurika kufungwa.

"Na sasa," alisema sheikh, "mshika amana."

Ndipo Leonel aliposikia gari likisimama nje. Lilikuwa la mizigo, na mzigo wake ulikuwa watu. Aliwatambua wote, hata waliokuwa bado hawajageuka.

Wa kwanza kusimama alikuwa Issa, fundi wa redio. "Huyu alinifundisha udereva juu ya kiti cha plastiki."

"Ulifanya vizuri sana, kaka," alisema Leonel.

"Nilikata kona, Leo. Nikashika breki. Nikafaulu mtihani. Kisha ukachukua baiskeli yangu kuwa ada."

"Baiskeli iko wapi?" aliuliza sheikh.

Leonel alitazama hati, iliyolazwa juu ya mto mbele ya mzee, kalamu pembeni yake. Baiskeli moja ni nini mbele ya mikorosho mia mbili? "Iko chumbani kwangu. Achukue."

Alifuata Modesta, mshonaji, mjane mwenye mabega mapana. "Mimi nilimpa cherehani aniletee mume."

"Mume hakuja?" aliuliza sheikh.

"Ilikuja picha."

"Ya nani?"

"Ya huyuhuyu, amevaa miwani ya jua. Nyuma imeandikwa kwamba ni nahodha."

Sheikh Ramadhani aliziba mdomo kwa kilemba na kukohoa kwa muda usiokuwa wa kawaida. Cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa. Leonel aliitazama tena hati, akatoa ufunguo wa pikipiki.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Simu ilikwenda. Godoro lilikwenda. Erasto, katibu wa chama cha mazishi, alisimama na kudai muhuri, na hapo ikafahamika kwa nini vyeti vya udereva vya Issa na wenzake vilikuwa na picha ya jeneza. Kila mmoja alipewa chake au badala yake, na kila mmoja alitamka kwa sauti kwamba amesamehe. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Leonel alibakiwa na shati, suruali na tai moja, akiwa mtu msafi kuliko wote waliokuwa katika wilaya.

"Jambo la mwisho," alisema Bi Fatuma. "Mliomsamehe mbele ya watu, mmemdhamini. Korosho zangu zikipotea, nitabisha hodi kwenu mmoja mmoja. Mabibo yote ni yenu, kwa usumbufu. Mnakubali?"

Watu walitazamana.

"Unamwamini, mama?" aliuliza Issa.

"Ninyi je?"

"Hata kidogo," alisema Modesta. "Ndiyo maana tutahamia shambani."

Mzee Bwanali alichukua kalamu, akaisaini hati ile bila kubadili hata nukta, akamkabidhi Leonel kwa mikono miwili. Kesho yake wazee wawili waliondoka, wakiwa na masweta ndani ya sanduku na kurasa kumi na nne ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa hiyo Leonel alilipata shamba alilolitamani, kila mti na kila kivuli. Alfajiri aliokota. Mchana aliinama akitenganisha korosho na mabibo, mikono ikinata, kiuno kikilalamika kwa lugha ya bibi yake. Pembeni walikaa wadhamini, wakila mabibo na kutoa maoni.

"Pale umeruka moja, Leo."

"Nimeiona, kaka Issa."

"Uliiona ukaiacha?"

Modesta alifika kila asubuhi akiendesha ile pikipiki, ambayo sasa ilisafishwa vizuri kuliko zamani, na kumletea chapati. Mnunuzi wa kangomba alikuja mara moja, akitembea kama mtu aliyepotea njia. Aliwaona watu ishirini na wawili wametulia chini ya mti wakimtazama, akasalimia, akauliza njia ya Kilambo, akaenda zake. Leonel alimfuata kwa macho mpaka vumbi likatua. Wiki ya tatu, magunia yote yaliingia ghala la ushirika kwa jina la Bwanali, na stakabadhi ikachukuliwa na Erasto kwa usalama zaidi.

Mzee alipiga simu kwa Modesta, ikawekwa kwenye spika wote wasikie. Alikuwa Erzurum, katika theluji mpaka magotini. "Treni imefika kwa dakika uliyoiandika, mwanangu. Soksi ni zenyewe. Bi Fatuma anasema supu ya ukurasa wa tisa ina pilipili ambayo hukuitaja, lakini amekusamehe. Tunaongeza wiki mbili."

Watu waliokuwa karibu walisikia, na waliosikia walisimulia. Jumatatu iliyofuata, Sheikh Ramadhani alifika shambani akikokota mbuzi tisa.

"Nami nataka kuiona," alisema kwa aibu kidogo. "Kabla sijafa. Niandikie kurasa, halafu nikuachie hawa."

Leonel alidondosha kikapu. "Sheikh, tafadhali. Mimi ni mwizi."

"Ulikuwa. Nilikuwepo uliposafishwa."

"Bado ni mwizi. Nilitaka kumwibia Mzee Bwanali. Shamba hili lote. Wanunuzi nilikuwa nao tayari. Nilimpeleka kwenye theluji ili nimpore." Aliitumia sauti yake yote, ile ya tui la kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuwa ndani yake na neno moja la uongo. "Mbuzi hawa nitawauza kabla hujafika Lindi. Naapa."

Erasto alifuta macho.

"Mnasikia?" sheikh aliwageukia wadhamini. "Nani kati yetu anaweza kujishusha hivyo mbele ya watu?"

"Hakuna," alikiri Issa.

"Nina ng'ombe wawili," ilisema sauti moja nyuma. "Au nimeshachelewa?"

Sheikh aliiweka kamba katika kiganja cha Leonel na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Yule mweusi ni mtoro," alimnong'oneza. "Huyo usimwondolee macho."